Jina la Leso na Kimo cha Kigango: Usomaji wa Naming the Money ya Lubaina Himid

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga baada ya kufiwa na baba yake. Mama yake alikuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa. Makala haya yanashikilia kwamba kazi yake mashuhuri, Naming the Money (2004), husomeka kwa ukamilifu zaidi ikilinganishwa na sanaa mbili za mwambao wetu: leso na kigango.

Kazi hiyo ina sanamu bapa 100 za mbao, zenye kimo cha binadamu, zinazowasawiri watumwa na watumishi wa Kiafrika katika majumba ya wakuu wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba na wengineo. Mgongoni mwa kila sanamu mna ankara; humo mhusika anataja jina lake la asili, jina alilobandikwa, kazi aliyoifanya kwao, anayofanyishwa sasa, na lile linalomliwaza. Leso nayo ina pindo, mji na jina, na jina hilo humsemea mwanamke neno ambalo adabu humzuia kulitamka. Himid ameiteka hati ya bwana ikawa jina la leso: karatasi ya kumhesabu mtu inamtambulisha.

Katika sehemu za Malindi na Kilifi, Wagiriama humsimamishia marehemu wa chama cha Gohu kigango, ubao uliochongwa na kufungwa vitambaa. Kigango hakihamishwi, ndiyo maana wizi wake ni msiba, na ndiyo maana makumbusho ya Denver, Marekani, yalikubali mwaka 2014 kurejesha vigango 30. Hatudai kwamba Himid aliiga kigango. Tunachodai ni kwamba sanamu zake ni kinyume chake: zinahama, na zinawapa wanawake na wanaume wasio na mali heshima ambayo Gohu iliwatengea wanaume wenye nayo.

Hata hivyo, ipo kasoro. Jina la leso lina mlengwa: humchoma mke mwenza au jirani, naye hujibu kwa leso yake. Sauti 100 za Himid hufuata mpangilio mmoja, na kila moja huishia kwenye faraja. Aliyehamishwa akakosa la kumliwaza hana nafasi humo. Wala fumbo la kike, linalouma bila kutaja, halitofautiani na kauli ya mwanamume. Himid amewarudishia majina. Ugomvi wao bado hajawarudishia.