Ukoloni, Ujamaa na Ulaya ya Mashariki

Mfasiri wa maandishi juu ya Ulaya ya Mashariki hukabiliwa na maneno mawili mazito: ukoloni na ujamaa. Mwaka 2001 David Chioni Moore alidai kwamba nadharia ya baada ya ukoloni itumike pia kwa nchi zilizokuwa chini ya himaya ya Kisovieti. Kwa Estonia hoja hiyo ina nguvu. Nchi hiyo ilitwaliwa mwaka 1940, ikarejesha uhuru wake mwaka 1991. Na Waestonia, waliokuwa asilimia 88 ya wakazi mwaka 1934, walikuwa asilimia 61 tu mwaka 1989. Lakini Bulgaria haikutwaliwa. Ilibaki dola, ijapokuwa chini ya kivuli cha Moscow. Naye Maria Todorova, mwaka 1997, alionyesha kuwa nchi za Balkani zilidharauliwa na Magharibi pasipo kuwa makoloni yake. Kudharauliwa si kutawaliwa. Tukiyaita yote ukoloni, neno litapoteza makali yake.

Hali kadhalika, tukiandika "baada ya ujamaa", msomaji wa Tanzania atadhani linakusudiwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hapana budi tuseme "baada ya usoshalisti". Istilahi ikikosewa, hoja nzima hupotoka.