Hesabu ya Siku Saba Kwenye Milima ya Alps

Mwaka 2008 Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa Ufaransa na mpigapicha wa Singapore, Nicholas Leong, wakajipime kwenye Alpe d'Huez. Huo ni mlima wenye kona 21 ambao Tour de France imeufanya kuwa kipimo cha wapandaji wote duniani. Nderi alifika juu kwa takriban dakika 42, muda ambao waendesha baiskeli wengi wa ridhaa hawaukaribii hata baada ya miaka ya mazoezi. Jaribio lile lilionyesha wazi kwamba mapafu na miguu ya kupanda ipo Afrika Mashariki. Swali ambalo mlima mmoja hauwezi kulijibu ni hili: mtu akishapanda leo, ataamkaje kesho apande mwingine, na keshokutwa mwingine tena?

Jibu linatafutwa kila mwaka na watu wa kawaida kabisa, wenye kazi zao, kwenye mashindano ya Haute Route. Mbio hizo zilianza mwaka 2011, kutoka Geneva hadi Nice kwa siku saba. Umbali ulizidi kilomita 700, na mipando ukiijumlisha ilipita mita 15,000, kama kutoka ufukweni hadi kilele cha Kibo mara mbili na nusu. Mshiriki hulipa kiingilio chake na wala hana mshahara wa kuendesha baiskeli, lakini saa inahesabu, msimamo wa jumla unatolewa kila jioni, na anayepitwa na muda wa mwisho wa hatua anaondolewa kwenye orodha. L'Étape du Tour, tamasha maarufu la ridhaa lililoanza mwaka 1993, ni la siku moja. Mtu anaweza kulimaliza kwa ukaidi tu. Siku saba hazimalizwi kwa ukaidi.

Tuanze na hesabu ya nishati, maana humo ndimo wengi wanamoangukia. Mchukue mtu wa kilo 75. Pamoja na baiskeli, chupa za maji na nguo, anapandisha kilo 85 hivi. Alpe d'Huez ina kilomita 13.8 na kimo cha mita 1,100 hivi. Akikanyaga kwa wati 250, ambazo kwa mtu wa ridhaa ni nguvu ya kuheshimika, atatumia kama saa moja na dakika 10, na mwili utachoma zaidi ya kilokalori 1,000. Akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, haizidi sana kilokalori 2,000. Mpando mmoja tu, basi, unaweza kugharimu karibu nusu yake, na hatua moja ya Haute Route mara nyingi ina mipando miwili au mitatu ya aina hiyo.

Mafuta ya mwili husaidia, ila yanaungua taratibu. Kadiri mtu anavyokanyaga kwa nguvu, ndivyo mwili unavyoacha mafuta na kukimbilia wanga. Ndiyo sababu kosa kubwa kuliko yote hufanyika siku ya kwanza, kwenye mpando wa kwanza, wakati miguu bado haijachoka na kila mtu anataka kukaa na walio mbele. Mwenye uwezo wa kushikilia wati 250 akipanda kwa nguvu inayozidi hiyo, huenda pale pale asisikie kitu. Atasikia saa tatu baadaye, na atasikia zaidi asubuhi inayofuata.

Kwa hiyo wanaofika Nice hula kabla ya njaa, na hula juu ya baiskeli. Utumbo hupitisha kama gramu 60 za glukosi kwa saa. Glukosi ikichanganywa na fruktosi, ambayo hupita mlango tofauti, kiwango kinaweza kufika gramu 90. Huo ni uwezo unaojengwa: tumbo lisilozoeshwa kupokea chakula hicho mazoezini litakikataa mashindanoni, na aliyezidiwa na kichefuchefu katikati ya mpando wa Galibier, ambao kilele chake kiko mita 2,642, hana pa kujificha.

Jioni hesabu inaendelea. Mwili unaopanda milima kila siku unadai gramu nane hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wetu wa kilo 75 ni kama gramu 700, sawa na kilo mbili na nusu za wali uliopikwa. Alichokula barabarani kinapunguza mzigo huo, lakini sahani mbili za usiku bado hazitoshi. Saa chache za kwanza baada ya kushuka kwenye baiskeli ndizo misuli inapokea wanga kwa kasi kubwa zaidi, hivyo mwenye uzoefu anakula kabla ya kuoga, kabla ya simu, kabla ya kusimulia alivyoteseka.

Kwenye tambarare akiba hulindwa kwa kujificha nyuma ya wenzake. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven walipima mfano wa kundi la waendeshaji 121 na kuona kwamba aliye ndani kabisa, kuelekea nyuma, hukabiliwa na asilimia tano hadi 10 tu ya upepo anaoupata mtu aliye peke yake. Makundi ya ridhaa ni madogo na hayajapangika vile, lakini hata kukaa nyuma ya mtu mmoja kunaokoa nguvu nyingi. Bondeni, kati ya mlima na mlima, ni heri kusubiri dakika mbili upate kundi kuliko kupambana na upepo peke yako kwa kilomita 20. Kwenye mpando mkali kinga hiyo karibu inatoweka kwa sababu mwendo ni mdogo, na hapo kila mtu afuate nguvu zake.

Gia nazo zimewaangusha watu hodari. Zamani gia ya mbele yenye meno 39 na ya nyuma yenye meno 25 zilionekana ndizo za kiume. Kwa mwendo wa kilomita tisa na nusu kwa saa, mchanganyiko huo unalazimisha mizunguko 48 tu ya pedali kwa dakika, na kila mzunguko ni kama kupanda ngazi kwa goti linalouma. Meno 34 mbele na 32 nyuma yanampa mwendeshaji mizunguko 70 kwa mwendo ule ule. Kazi ni ileile, lakini misuli inavumilia hadi siku ya saba.

Makalio yasidharauliwe. Louison Bobet alishinda Tour ya 1955 akiwa na majipu ya tandiko yaliyomfikisha kwenye upasuaji, na yeye alikuwa na timu nzima ya kumhudumia. Mtu wa ridhaa anajihudumia mwenyewe: kaptura safi kila siku, kuivua mara tu anapofika, mafuta ya kuzuia msuguano.

Mteremko unahitaji utulivu, na baridi yake hushtua hata mwezi wa nane. Aliyefika juu akiwa amelowa jasho huanza kutetemeka baada ya kona chache, na mikono inayotetemeka haishiki breki sawasawa. Ile desturi ya zamani ya kupachika gazeti kifuani kabla ya kushuka bado inafaa pasipo na koti.

Kufikia siku ya nne hivi, jambo la ajabu hutokea: moyo unakataa kupanda. Mtu anajitahidi kama jana, lakini kipimo cha mapigo kinabaki chini na miguu ni mizito. Mgeni hudhani kifaa kimeharibika, au anaanza kulazimisha. Huo ni uchovu wa mfululizo, nao hautibiwi kwa kukanyaga zaidi bali kwa kupunguza kidogo, kula na kulala.

Uchovu huo haufundishiki kwa safari ndefu ya Jumapili peke yake. Unafundishwa kwa siku mbili au tatu mfululizo, na barabara za kazi hiyo tunazo. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 na karibu mita 1,000 za kupanda. Kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, kwenye mita 2,400, mpando ni mrefu wa kutosha kumjaribu yeyote. Ijumaa mara moja, Jumamosi mara mbili, Jumapili mara moja tena, huku akipima anachokula kila saa: asubuhi ya Jumapili ndipo mwendeshaji atakapojua kama mwendo wake wa Ijumaa ulikuwa sahihi.