Mapezi Marefu Yametua Tabora!

Jamani, yamefika! Mapezi marefu ya Cressi, yale ya Gara Modular, yameingia Tabora, na nikiwa bado nadondosha maji nawaambia hivi: kwa mtu anayetaka kupiga mbizi za pumzi moja Ziwa Tanganyika, hakuna pa kuyajaribia pazuri kama bwawa la hoteli mjini hapa.

Msinicheke. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora hii hii, mwaka 1857, walifanya kama misafara mingine: wakatua, wakatafuta wapagazi, wakafunga mizigo upya, ndipo wakaikabili njia ya Ujiji. Mzigo uliokaa vibaya ulitakiwa kujulikana hapa hapa Unyanyembe, si porini. Leo reli inatupeleka Kigoma, takriban kilomita 400, lakini busara ni ileile. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani, si mahali pa kugundulia kwamba miwani inavuja.

Tena kuna utamu wa ziada: maji yenyewe! Bwawa halina chumvi, na Tanganyika halina chumvi. Maji ya bahari humwinua mtu zaidi kwa asilimia 2 na nusu hivi, kwa hiyo mzamiaji wa kilo 80 aliyezoea Zanzibar atapunguza kama kilo 2 za risasi kiunoni. Kipimo hicho unakipata papa hapa Tabora, ukiwa umevaa suti yako ya kuzamia. Simama wima majini, toa pumzi kwa kawaida: uso ukibaki juu, risasi zinatosha. Ukianza kuzama, punguza bila ubishi, maana kadiri unavyoshuka suti hubanwa na nguvu yake ya kukuinua hupungua.

Sasa mapezi. Ubao mrefu wa plastiki, kiatu cha mpira laini kinachomeza mguu mzima, na skrubu za kubadilishia ubao bila kutupa kiatu. Nimeyavaa na soksi za mpira, kisigino hakikulalamika. Unapiga kutoka nyongani, goti likikunjika kidogo tu, kisha unatulia… na mwili unaendelea kwenda wenyewe! Vigae vinapita chini ya kifua, mara ukuta huo hapo. Hilo ndilo lalamiko langu la pekee: bwawa linaisha wakati miguu ndiyo kwanza imenogewa.

Miwani nayo nimeipenda. Ni ya kuzamia, inayofunika pua, na ndani ina nafasi ndogo. Ijaribu kabla ya kulowa: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikidumu, imekukaa. Ikianguka, jaribu nyingine, au tazama huo mustachi wako. Miwani ya kawaida ya kuogelea waachie waogeleaji: pua ikiwa nje, huwezi kuipulizia hewa ndani, na ukishuka itayavuta macho. Masikio pia yana somo lake. Kwenye mita 2 tu shinikizo linasikika, basi bana pua na usukume hewa mapema, kabla hayajauma.

Hapa napunguza kelele kidogo, kwa sababu maji ya bwawa yanaua vilevile. Usizamie peke yako, hata mara moja. Mmoja chini, mmoja juu, na wa juu hana simu mkononi. Usihemeheme kwa kasi kabla ya kuzama: huongezi oksijeni ya maana, unafukuza kaboni dayoksaidi inayokuamshia hamu ya kupumua, na fahamu inaweza kukatika bila onyo. Ukiibuka, vuta pumzi kadhaa za nguvu huku mwenzako akikutazama kwa nusu dakika nzima. Kisha pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini.

Zoezi nililolifurahia kuliko yote ni la mkanda wa risasi: bizimu ya mkono mmoja, vuta, achia, umekwenda! Rudia mpaka mkono ujue njia ukiwa umefumba macho. Tandika mpira chini kwanza. Vigae vya watu havina kosa.

Hukumu? Nunua, na mapezi haya yaanzie Tabora. Bwawa halitakuonyesha suti inavyobanwa mita 10 chini, wala halitakupa wale samaki wa rangi wa kwenye miamba ya Kigoma. Hayo utayakuta huko, baada ya kuwauliza wenyeji habari za mamba. Lakini miwani, masikio, uzito na mkanda vimalize hapa, pamoja na huyo mwenzako. Akikataa kujifunza kukulinda, tafuta mwingine kabla hujakata tiketi ya treni.