Utengano na Mamlaka ya Walii

Baada ya Swala ya Alasiri hapa Kwai, mzee mmoja alinishika mkono akanipa kitabu kilichochakaa. Ni riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1980. Binti yake wa miaka 16 alikuwa ameisoma, na alipoambiwa kwamba posa imekwisha pokelewa na shule basi, alimwuliza: "Baba, kwani na wewe ni Maksuudi?" Mzee alitaka nimwambie kama kitabu kichomwe.

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu wanaokilaumu kitabu hiki kwamba kinaitukana dini, kwa kuwa Maksuudi ni mcha Mungu mbele za watu na fasiki kwa siri. Lawama hiyo siikubali. Anayefichuliwa pale ni mnafiki, na Qur'ani Tukufu ilimfichua zamani. Mtu huyu anamfungia binti yake Maimuna ndani, anamnyima elimu, kisha anaita jambo hilo heshima.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Maimuna akitoroka anaangukia ulevi na danguro, kana kwamba baina ya kufuli la baba na danguro hapana mlango wa tatu. Msichana msomaji atadhani sharia nayo ilimshikia Maksuudi ufunguo. Lakini tusimlaumu mwandishi peke yake, maana mlango huo tumeufunika sisi.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi (r.a.), baba ana haki ya ijbari kwa binti bikira. Darasa nyingi huishia hapo. Vitabu havikuishia hapo: vimeshurutisha pasiwe na uadui wa dhahiri baina ya baba na binti, mume awe kufu yake, na awe na uwezo wa mahari. Juu ya hayo, ni sunna binti atakwe idhini. Mahanafi wao wanasema bikira aliyebaleghe halazimishwi kabisa. Mtume (s.a.w.) aliivunja ndoa ya Khansa bint Khidham alipolalamika kwamba baba yake amemwoza asiyemtaka. Kweli, Khansa hakuwa bikira; lakini katika Sunan Abu Dawud imo hadithi ya bikira aliyepewa hiari, ingawa wanazuoni wameijadili isnadi yake. Na walii akimzuilia binti kufu aliyemridhia bila ya sababu, uwalii huhamia kwa kadhi.

Nilimrudishia mzee kitabu chake, nikamwuliza kama binti ameulizwa.

"Mama yake amekwisha mwambia, Sheikh."

Nikamwambia kuambiwa siko kuulizwa. Siku ya pili walikuja wote watatu. Binti alisema, kwa sauti ya chini, kwamba amalize kwanza kidato cha nne, ndipo habari ya mchumba izungumzwe. Wenye posa wamepelekewa jibu hilo. Mzee bado hajafurahi, ila kitabu amemrudishia mwenyewe.