Maneno 25

Ufundi wa kuandika barua unatutoka, nasi hatuna habari. Nasema barua hasa: mtu aketi, apime neno, alifute, aandike tena, akijua kwamba kilichokwenda posta hakirudi.

Wayahudi waliomkimbia Hitler waliujua ufundi huo kwa uchungu. Stefanie Zweig, aliyekuja kuwa mwandishi, alikuwa mtoto mdogo mwaka 1938 familia yake ilipotoka Leobschütz, Ujerumani, ikaja Kenya. Baba yake, mwanasheria, akaishia kufanya kazi mashambani. Jamaa wengine walibaki kule. Septemba 1939 vita vikaanza, na kwa kuwa Kenya ilikuwa koloni la Uingereza, njia ya posta kwenda Ujerumani ikakatika.

Ikabaki fomu ya Msalaba Mwekundu: maneno 25, habari za kifamilia tu, kupitia Geneva, mbele ya macho ya wakaguzi. Jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ileile, likarudi baada ya miezi. Hebu tujipime: “Baada ya salamu, natumai u mzima wa afya njema, nami huku si haba, namshukuru Mungu. Dhumuni la barua hii ni…” Maneno 20 yamekwisha na hatujasema kitu! Mama aliyebaki Breslau au Berlin ilimbidi humo humo ataje nani mgonjwa, nani kaolewa, na ambusu mjukuu asiyemwona akikua. Lisilosemeka alilifunika kwa neno la kila siku. Kuanzia Oktoba 1941, treni zilipoanza kuwapeleka mashariki Wayahudi wa Ujerumani, barua zikasema shangazi “amesafiri”. Wakaguzi walilipitisha neno hilo. Aliyelipokea ng'ambo alilisoma usiku kucha.

Ninachokistahi zaidi ni kile walichokiacha nje. Njaa haimo. Hofu haimo. Walikata maneno yao wenyewe ili mtoto aliye mbali apate usingizi.

Sisi tuna nafasi isiyo na mwisho, tunaijaza “poa” na vikatuni vya kucheka. Simu ikiibwa, mazungumzo ya miaka mingi na mama yamekwenda. Na barua za wino wa buluu zilizofungwa uzi ndani ya sanduku la bibi tunazichoma baada ya arobaini, bila kuzisoma, ilhali ziko familia ambazo ndugu zao hawana hata kaburi, na kilichosalia kwao ni fomu moja yenye maneno 25.