Mpigo wa Jembe

Kabla ya kugusa mashine, fundi huinusa kanda. Harufu kali ya siki humwambia kwamba plastiki imeanza kuoza na kazi haiwezi kungoja. Hii iliyo mezani pake Kirumba, jijini Mwanza, inanuka kidogo tu. Ilirekodiwa miaka ya 1960 upande wa Magu, kwa kinasa sauti cha betri: wanawake wa Kisukuma wakiimba nyimbo za kulima. Haikuwahi kutolewa popote. Ililala ndani ya sanduku la bati mpaka wajukuu wa mwenye kanda walipoileta.

Ananyanyua gurudumu zima na kulielekeza dirishani. Mwanga unapenya, kwa hiyo ni asetati. Kanda ya aina hiyo hukatika, haivutiki, na fundi anaishukuru tabia hiyo, kwani penye mkato ncha mbili hukutana sawasawa, ilhali kanda iliyovutika huharibu sauti iliyomo. Mahali pamoja mtu wa zamani aliunga kwa gundi ya karatasi, nayo imevuja na kugandisha mizunguko ya jirani. Anaibandua kwa ncha ya kidole, anapangusa, anazilaza ncha ndani ya mfereji wa kibao cha chuma na kuziunga upya upande wa nyuma, usio na sauti. Wembe uko karibu lakini hautumii, kwa sababu kila anachokata ni sauti.

Kisha deki. Pamba, spiriti, hedi, yaani kichwa kinachosoma kanda, inasuguliwa mpaka pamba irudi nyeupe. Stabilaiza inawashwa, maana umeme ukiyumba mashine nayo huyumba.

Sehemu niliyoitazama kwa mshangao zaidi ni ya bisibisi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayoilaza hedi pembe hii au ile. Kanda inazunguka, fundi amevaa hedifoni na kufumba macho, mkono unasogeza skrubu kiasi ambacho jicho langu halikuweza kukiona. Hasikilizi waimbaji. Anasikiliza njuga. Mwanzoni njuga na makofi ni kitu kimoja chenye ukungu. Anasogeza, anarudisha, anasogeza tena, na ghafla njuga zinajitenga, kila moja na mlio wake. Anaondoa mkono. Sasa ndipo kompyuta inaanza kunasa.

Tumezoea kusikia kwamba muziki wa kale "unatolewa upya". Kwetu mara nyingi ndiyo mara ya kwanza. Miaka ya 1960 Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilizotaka santuri zilitegemea hasa Nairobi. Nyingine zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, zikasikika hewani, na nyimbo zikabaki kwenye kanda za maktaba. Women Jazz, bendi ya wasichana wa Dar es Salaam wa enzi hizo, waliopiga ala wao wenyewe, wanastahili albamu kamili yenye kila wimbo waliowahi kurekodi, kwa heshima ileile ambayo Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba waliipata mwaka 2000, lebo ya Dizim Records ilipokusanya nyimbo zao za 1955 hadi 1965. Na nyuma ya wasichana wa mjini wako hawa wa vijijini, ambao hata jina la kundi halikuandikwa juu ya boksi.

Kwenye kanda hii kuna tatizo lisiloonekana. Betri za kinasa zilipokuwa zikichoka, kanda ilizunguka polepole. Ikichezwa leo kwa mwendo sahihi, sauti zinazidi kuwa nyembamba na wimbo unaharakisha kadiri mwisho unavyokaribia. Ngoma, njuga, koo, vyote vimepanda pamoja, kwa hiyo hakuna kimoja cha kupimia kingine. Fundi alimwita bibi mmoja aliyelima kwa nyimbo hizo ujanani. Alimweka kitini, akacheza sehemu ya mwisho.

"Bibi, hapo?"

"Bado, mjukuu wangu. Hapo tungechoka kabla ya kumaliza tuta."

Akashusha mwendo. Bibi alisimama, akashika jembe lisilokuwepo, akainua. Mikono yake ilipokuwa juu, sauti ilikuwa bado haijafika. Fundi akapandisha kidogo. Safari hii jembe na ngoma vilitua pamoja, na bibi akaendelea kulima hewani hadi ubeti ukaisha. Fundi aliandika namba ile, kisha akaanza kushusha wimbo taratibu, sekunde kwa sekunde, kuanzia mahali betri zilipoanza kulegea.

Mikwaruzo anaitoa mmojammoja kwa mkono, akiikuza kwenye skrini. Mvumo wa chinichini wa kanda hauondoi wote. Aliwahi kunionyesha kwa nini: programu ilipoufuta, pumzi ya mwimbaji kiongozi kabla ya kila mstari nayo ilitoweka, na mwanamke yule akawa kama havuti hewa kabisa.

Mwisho anahifadhi nakala mbili, iliyosafishwa na ile mbichi, na kuandika ndani ya boksi kila alichokifanya: mwendo, viungo, pembe ya hedi, mvumo uliobaki. Siku mtu mwingine akipata mashine bora, ataanzia kwenye ile mbichi.