Uhuru Unaoletwa na Habari ya Uongo

Wiki moja baada ya kumzika mume wake, mama mdogo alinikaribisha chai nyumbani kwake. Watu wa matanga walikuwa wameshaenda, viti vya kukodi vimerudishwa, na sufuria kubwa za majirani zilikuwa zimepangwa mlangoni zikisubiri wenyewe. Tulikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Sasa naweza kulala taa ikiwa inawaka."

Marehemu hakupenda mwanga usiku. Miaka yote hiyo mama mdogo alisoma vitabu vyake chini ya blanketi, kwanza kwa tochi, baadaye kwa simu. Na marehemu hakuwa mtu mbaya. Karo yangu ya kidato cha tatu aliilipa yeye. Lakini neno lilishatoka. Mama mdogo akageuka kuangalia mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimwambie mtu nimesema hivyo."

Sijamwambia mtu, ila nyinyi. Na nawaambia kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia hadithi fupi tatu za zamani, na nadhani shuleni tulifundishwa kuzisoma vibaya. Unakumbuka yale maswali: "Jadili maudhui ya kifo." Tulikuwa tunajibu chap chap kwamba kifo ni ukombozi, tunapewa alama zetu, tunaenda lunch. Siku hizi naona jibu lile ni la uvivu.

Anza na Kate Chopin, Mmarekani, na "The Story of an Hour", iliyochapishwa mwaka 1894. Ni kurasa mbili tatu tu. Bi Louise Mallard ana ugonjwa wa moyo. Habari inafika kwamba mume wake, Brently, ni mmoja wa waliokufa kwenye ajali ya treni. Dada yake anampasulia habari hiyo taratibu, kwa kumhofia moyo. Louise analia, kisha anapanda chumbani na kujifungia. Dirisha liko wazi. Nje miti inachipua, kuna harufu ya mvua, mchuuzi anatangaza bidhaa zake barabarani. Na pale kwenye kiti kitu kinamjia polepole, anajaribu kukizuia, kinamshinda: yuko huru. Miaka iliyobaki ni yake.

Kisha anashuka ngazi, mlango unafunguliwa, na Brently anaingia akiwa mzima, hata habari za ajali hana. Louise anaanguka na kufa. Madaktari wanatoa uamuzi wao: furaha ilimzidi moyo.

Kinaya hicho cha mwisho ndicho kinachosifiwa sana, na ni kweli kimepigiliwa vizuri. Lakini mimi kinachonikaa ni kwamba Chopin alikataa kumfanya Brently kuwa mnyama. Louise mwenyewe anakiri kwamba mume wake alimwangalia kwa upendo siku zote. Mwandishi mwoga angetupa mlevi au mpiga mke, tupumue pamoja na Louise bila kujisikia vibaya. Chopin anatunyima ahueni hiyo. Anauliza swali gumu zaidi: mtu anayekupenda anaweza kukubana bila hata kujua? Aliijua mada hii kwa karibu. Baba yake alikufa katika ajali ya treni mwaka 1855, Kate akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1882 alibaki mjane mwenye watoto sita. Uandishi wake ulianza kuchapishwa miaka michache baadaye. Sisemi Louise ni yeye. Nasema tu hakuwa akibahatisha.

Ya pili ni "An Occurrence at Owl Creek Bridge" ya Ambrose Bierce, ya mwaka 1890. Peyton Farquhar anasubiri kunyongwa juu ya daraja la reli huko Alabama, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Anasikia mlio wa nguvu kama nyundo ya mhunzi, kumbe ni saa yake mwenyewe. Kamba inakatika, anaanguka mtoni, anaogelea huku risasi zikimfuata, anatembea msituni hadi kwake. Mke wake yuko pale anamngoja. Anapotaka kumkumbatia, shingo inavunjika. Hakuwahi kutoka darajani. Safari yote ilikuwa ndani ya kichwa chake, katika muda wa kuanguka tu.

Mara ya kwanza nilipoisoma nilimshangilia Farquhar. Kimbia, kaka, kimbia! Mara ya tatu ndipo nikarudi kwenye maelezo yanayopita haraka katikati ya hadithi: huyu ni tajiri mwenye shamba, anamiliki watumwa, na yuko upande wa wanaopigania utumwa uendelee. Bierce alipigana upande wa pili katika vita hivyo, kwa hiyo alijua anachofanya. Ametufanya tumtakie uhuru mtu aliyewanyima wengine uhuru, akatuacha na aibu yetu. Hata hivyo nina lawama kidogo. Watu hao anaowamiliki hawapewi nafasi yoyote ndani ya hadithi. Ndoto ya kutoroka inabaki mali ya bwana wao, na sisi hatujui wao waliota nini.

Ya tatu ni ya kwetu: "The Rain Came" ya Grace Ogot, iliyo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa mwaka 1968. Ukame umekausha nchi. Mganga wa mvua, Ndithi, ameota kwamba lazima msichana atolewe kwa zimwi la ziwani. Msichana mwenyewe ni Oganda, binti wa pekee wa mtemi Labong'o. Wazee wanapokutana kumjadili, Oganda anadhani wanamtafutia mume. Kijiji kinamfanyia sherehe ya kumuaga. Akiwa njiani kuelekea ziwani, mtoto anamkabidhi hereni ampelekee dada yake aliyekufa wiki iliyopita. Hereni ile, manze, ndiyo iliyonimaliza. Oganda bado anapumua, ana joto mwilini, lakini kwa watu wake ameshakuwa mjumbe wa wafu.

Kisha Osinda, kijana anayempenda, anamfuata, anamfunika vazi la majani wafichike machoni pa mababu, na wanakimbilia wasikokujua. Na mvua inanyesha.

Inanyesha! Hapo ndipo Ogot anapowashinda wenzake wawili. Hadithi haiturudishi kijijini, lakini ni rahisi kuona watakachoamini kule: binti amemezwa, mababu wameridhika. Msomaji ndiye anayejua kwamba mvua ilikuja bila damu. Kama ingekuja hata hivyo, sherehe yote ile ilikuwa ya nini? Ogot hajibu. Ninachoweza kumdai ni kimoja: Oganda alikubali kufa, na ilibidi mwanaume amtoe njiani. Ningependa kumsikia akisema sitaki, hata mara moja.

Sasa ziweke pamoja. Louise ana uhuru kwa sababu ya taarifa yenye jina la mtu ambaye hakufa. Farquhar ana uhuru kwa sababu akili yake inampa habari ya uongo kwamba bado yuko hai. Oganda atakuwa huru ilimradi kwao wanamhesabu kuwa maiti. Sioni popote kifo kikimkomboa mtu. Kila mmoja anapata nafasi ndogo ya kupumua ndani ya kosa kuhusu nani amekufa na nani yu hai. Kosa likisahihishwa, nafasi inafungwa. Oganda peke yake ndiye tunayemwacha kabla halijasahihishwa.

Hilo linanitisha kuliko maudhui yoyote ya mtihani. Maana yake ni kwamba katika hadithi hizi jamii haina utaratibu wowote wa kumpa mtu nafasi yake akiwa hai na wenzake wakiwa hai. Lazima kwanza mtu azikwe, au idhaniwe amezikwa.

Nilimsimulia mama mdogo hadithi ya Chopin, juzi, tukichambua mboga. Nilitarajia acheke mwisho wake. Badala yake aliuliza, "Na huyo bwana, aliwahi kumuuliza mke wake anataka nini?" Nikasema hadithi haisemi. Akatulia, akaendelea na sukuma wiki yake. "Wangu pia hakuniuliza," alisema. "Lakini hata mimi sikumwambia kuhusu taa."

Zisome zote tatu kwa jioni moja, na Ogot umweke mwisho. Kisha muulize mtu unayeishi naye kama taa inamsumbua.